Mfumo wa Jua, galaksi, ulimwengu: kipi kiko ndani ya kipi?

Julai mosi mwaka 2025, darubini ya mradi wa ATLAS iliyoko Chile ilinasa nukta ya mwanga iliyokuwa ikielekea upande wa Jua kwa kasi isiyo ya kawaida. Wataalamu walipopiga hesabu ya njia yake waliona kwamba haizunguki Jua: imetoka mbali, inapita tu, na haitarudi. Ikapewa jina 3I/ATLAS, mgeni wa tatu wa aina hiyo kuwahi kuonekana, baada ya 'Oumuamua mwaka 2017 na Borisov mwaka 2019. Ni nyotamkia, yaani donge la barafu na vumbi. Lakini habari ilipofika kwenye simu zetu ilikuwa imeshatiwa chumvi: mgeni kutoka galaksi nyingine, kitu kutoka nje ya ulimwengu, na wale wa viumbe wenye vyombo vyao nao hawakukosa la kusema.

Chumvi tumeizoea. Tatizo ni kwamba msomaji wa kawaida hana mizani ya kuipimia, kwa sababu mfumo wa Jua, galaksi na ulimwengu hutajwa kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina matatu. Ukijua kipi kiko ndani ya kipi, na kila kimoja kina ukubwa gani, habari nyingi za anga utazipima mwenyewe kabla hujazituma kwa wengine.

Tuanze na maana. Nyota ni tufe la gesi linalojiwashia nuru yake lenyewe. Jua ni nyota. Sayari ni tufe linaloizunguka nyota na kuangazwa nayo; Dunia ni sayari. Mfumo wa Jua ni Jua pamoja na vyote vinavyolizunguka: sayari nane, miezi yake, mawe na manyotamkia. Galaksi ni mkusanyiko wa nyota, mara nyingi mabilioni, zikiwa na gesi na vumbi, zote zimeshikwa pamoja na nguvu ya mvutano. Ulimwengu ni jumla ya hayo yote, pamoja na nafasi iliyo katikati na wakati wenyewe. Ndiyo maana "nje ya ulimwengu" haiwezi kuwa mahali ambapo jiwe limetoka. (Wapo watakaouliza mbingu saba ziko wapi humu. Hilo ni swali la elimu ya dini, na lina wenyewe. Hapa nazungumzia kinachopimwa kwa darubini.)

Kuna kipimo kimoja lazima tukielewe, nacho ni mwaka wa nuru. Jina lina neno mwaka ndani yake, kwa hiyo wengi hudhani ni muda. Ni umbali. Nuru hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kutoka Mwezini hadi kwetu hutumia sekunde moja na kidogo; kutoka kwenye Jua, dakika nane na sekunde ishirini hivi. Umbali ambao nuru huukata kwa mwaka mzima ni kama kilomita trilioni 9.46, na huo ndio mwaka mmoja wa nuru.

Namba za namna hiyo haziingii kichwani kirahisi, basi tuzipunguze. Chukua chungwa la upana wa sentimita saba, liweke Uhuru Park, Nairobi, na liwe ndilo Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni punje ya mchanga iliyo hatua kumi hivi kutoka kwenye chungwa. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni punje ya kunde iliyo mita 40 hivi. Neptuni, sayari ya mwisho, iko mita 225 hivi, bado humo humo bustanini au ng'ambo ya barabara. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa mwaka 1977 na ambacho ndicho kitu cha binadamu kilichofika mbali kuliko vyote, kimesafiri karibu nusu karne na sasa kiko kama kilomita moja na robo kutoka kwenye chungwa. Hakijatoka Nairobi.

Nyota ya jirani, Proxima Centauri, iko wapi? Iko miaka 4.24 ya nuru kutoka hapa. Kwa kipimo cha chungwa letu hizo ni kilomita 2,000: ni ushanga wa upana wa sentimita moja uliowekwa Khartoum. Kati ya Nairobi na Khartoum hakuna nyota nyingine. Picha za vitabu vya shule, zenye sayari zilizopangwa kando ya Jua na nyota zimetapakaa nyuma yake, zimetudanganya vibaya kuhusu jambo hili. Sizilaumu, maana ukurasa hauwezi kubeba umbali huo, lakini ni vizuri kujua kwamba tumekua na picha isiyo na vipimo.

Sasa rudi kwa mgeni wetu wa 2025. Kabla Jua halijaanza kumvuta, alikuwa akisafiri karibu kilomita 60 kwa sekunde. Ni kasi kubwa kwetu, lakini nuru inamzidi mara 5,000. Kwa maneno mengine, anahitaji miaka 5,000 kuukata mwaka mmoja wa nuru, na zaidi ya miaka 20,000 kuvuka umbali kama ule wa Proxima Centauri. Angetoka galaksi ya Andromeda, iliyo miaka milioni 2.5 ya nuru, safari ingemchukua miaka bilioni 12.5, karibu sawa na umri wa ulimwengu wote. Tena kuna sababu nyingine: ili kitu kilichoko maeneo yetu kiponyoke kwenye mvutano wa galaksi yetu kinahitaji kasi ya zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde. Mwenye kasi ya 60 hana pa kwenda, ni mwenyeji wa humu humu. Alitoka kwenye mfumo wa nyota nyingine, ndani ya galaksi yetu.

Galaksi hiyo ni Njia Nyeupe, ule mkanda wa weupe unaokatiza anga usiku wa giza. Ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400, na upana wa karibu miaka 100,000 ya nuru. Hata kwa kipimo cha chungwa, upana wake ungekuwa kilomita milioni 47, zaidi ya mara 120 ya umbali wa kutoka hapa hadi Mwezini. Umbo lake ni la sahani bapa yenye mikono iliyojipinda. Sisi hatuko katikati, wala hatuko ukingoni kabisa. Tuko miaka 26,000 ya nuru kutoka kiini chake, na Jua linakizunguka kiini hicho mara moja kwa kila miaka milioni 230 hivi, likiwa limetubeba sote.

Kila nyota unayoiona moja moja kwa macho matupu ni ya galaksi hii, na nyingi ni majirani wa karibu. Kilimia, kile kishada ambacho wakulima wa pwani walikitumia kubashiri majira ya mvua, kiko miaka 440 hivi ya nuru. Hata sayari zinazozunguka nyota nyingine, ambazo zilizothibitishwa zimeshapita 6,000, ni za humu humu. Kwa hiyo ukisoma kwamba "imegunduliwa sayari katika galaksi ya mbali", shuku.

Katikati ya Njia Nyeupe kuna shimo jeusi, yaani kitu kilichobanana kiasi kwamba hata nuru haiwezi kuponyoka, lenye uzito wa Majua milioni nne. Picha yake ilitolewa Mei 12, 2022. Jina lake la kutisha limewafanya watu waamini kwamba linaifyonza galaksi nzima na siku moja litatufikia. Shimo jeusi halifyonzi. Linavuta kwa kadiri ya uzito wake kama kitu kingine chochote, na Majua milioni nne ni sehemu ndogo mno ya galaksi yenye mabilioni ya nyota. Hatari iko kwa anayelisogelea sana. Jua lenyewe lingegeuka ghafla kuwa shimo jeusi lenye uzito ule ule, Dunia ingeendelea kulizunguka kama kawaida; tungekufa kwa baridi na giza, lakini hatungemezwa.

Miaka mia moja tu iliyopita wasomi wengi waliamini kwamba Njia Nyeupe ndiyo ulimwengu mzima. Vile viwingu vya mwanga vilivyoonekana kwenye darubini walidhani ni gesi iliyo karibu. Ufunguo ulitoka kwa Henrietta Leavitt, mwanamke aliyefanya kazi ya kukagua picha za nyota katika chuo cha Harvard. Mwaka 1912 alitangaza kwamba kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa mzunguko maalum, na kadiri mzunguko unavyokuwa mrefu ndivyo nyota inavyokuwa na nuru kubwa zaidi. Ukijua nuru halisi ya nyota, kisha ukapima inavyoonekana hafifu kutoka hapa, unapata umbali wake. Oktoba 1923, Edwin Hubble, akiwa Mount Wilson, California, aliiona nyota ya aina hiyo ndani ya kiwingu cha Andromeda. Akapiga hesabu. Jibu lilikuwa mbali kiasi kwamba haikuwezekana kabisa kiwe ndani ya galaksi yetu. Andromeda ni galaksi nyingine. Leavitt alifariki mwaka 1921 bila kuona kipimo chake kilivyoubomoa ukuta huo.

Kufikia hapo ngazi inabadilika tabia, na hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote katika mada hii. Nyota ziko mbalimbali mno ukilinganisha na ukubwa wake: kati ya Jua na Proxima ungeweza kupanga Majua karibu milioni 29 kwa mstari. Galaksi ni kinyume. Kati yetu na Andromeda unaweza kupanga Njia Nyeupe 25 tu, ukafika. Galaksi ni majirani wa kubanana, ndiyo maana hugongana, huchanika na kuungana, na darubini zimepiga picha nyingi za galaksi zikiwa katikati ya kazi hiyo. Nyota zilizomo hupishana bila kugusana, kwa sababu ya zile nafasi za Nairobi hadi Khartoum. Andromeda yenyewe inatusogelea kwa kilomita 110 kwa sekunde. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba lazima tutagongana nayo; utafiti uliochapishwa mwaka 2025 umeona uwezekano ni kama nusu kwa nusu katika miaka bilioni 10 ijayo.

Njia Nyeupe, Andromeda na galaksi ndogo ndogo kadhaa ni kundi dogo la kienyeji lenye upana wa miaka milioni 10 hivi ya nuru. Makundi makubwa yapo. Lililo karibu ni la Virgo, lenye galaksi zaidi ya elfu moja, miaka milioni 54 hivi ya nuru kutoka hapa. Kulielewa kundi la namna hiyo kulihitaji aina nyingine ya macho, na hapo hadithi inapita Malindi.

Desemba 12, 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na Malindi, ilirushwa setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutafuta miali ya eksrei angani. Ilikuwa ya Wamarekani. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi, aliipa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Malindi haikuchaguliwa kwa ajili ya fukwe zake: karibu na ikweta Dunia hujizungusha kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huondoka ikiwa tayari imesukumwa na mzunguko huo. Katika muda wake wa kazi Uhuru ilikusanya orodha ya vyanzo 339 vya eksrei. Ilisaidia kutambua Cygnus X-1, kitu cha kwanza ambacho wataalamu wengi walikubali kuwa ni shimo jeusi. Na ilionyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, gesi isiyoonekana kabisa kwa darubini za kawaida. Vipimo vya baadaye vilithibitisha kwamba katika makundi makubwa gesi hiyo ina uzito kuliko nyota zote za galaksi zake zikijumlishwa. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Nobeli mwaka 2002. Nashangaa kwamba jambo hili halitajwi sana mashuleni kwetu.

Hata gesi hiyo ikiongezwa, mizani bado haisawaziki. Fritz Zwicky aliligundua hilo mapema, mwaka 1933: galaksi za kundi moja alilolipima zilikuwa zikienda mbio kiasi kwamba uzito wa vinavyoonekana usingetosha kuzizuia zisitawanyike. Miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake wakaona jambo kama hilo ndani ya galaksi moja moja: nyota za pembezoni zinazunguka kwa kasi kubwa mno. Kuna kitu chenye uzito ambacho hakitoi nuru wala hakiizuii. Kinaitwa maada ya giza. Haina uhusiano na uchawi, wala si jina jingine la mashimo meusi. Ni jina la muda la kitu ambacho mvutano wake unapimwa lakini asili yake haijajulikana.

Ukipanda juu zaidi ya makundi, utakuta galaksi zimejipanga kwenye nyuzi ndefu, na makundi makubwa yako pale nyuzi zinapokutana. Kati ya nyuzi kuna mapengo yasiyo na karibu kitu, mengine yenye upana wa mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru. Wanasayansi huuita mpangilio huu utando wa ulimwengu. Mwaka 2014 kundi la watafiti likiongozwa na Brent Tully lilichora eneo letu katika utando huo, likaliita Laniakea, lenye upana wa miaka milioni 520 hivi ya nuru. Hata hivyo Laniakea haijafungwa pamoja na mvutano. Itasambaratika.

Watu hupenda kudhani kwamba ngazi hizi zinaendelea bila kikomo, kundi ndani ya kundi ndani ya kundi. Haziendelei. Ukipima vipande vya ulimwengu vyenye upana wa miaka bilioni moja ya nuru au zaidi, vinaanza kufanana: kila kipande kina nyuzi na mapengo kwa kiwango kile kile. Ukipanda juu ya hapo hukuti mpangilio mpya.

Utando ulitoka wapi? Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakiwa na antena ya redio huko New Jersey, walipata mvumo hafifu uliotoka kila upande wa anga, usiku na mchana. Walijaribu kuuondoa, hata kinyesi cha njiwa wakakisugua kutoka kwenye antena, wapi. Ilikuwa nuru ya kale iliyoachiwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000. Setelaiti za baadaye zilipoipima kwa makini zilikuta madoa yaliyotofautiana kwa sehemu moja tu katika 100,000. Palipokuwa pazito kidogo palivuta zaidi, pakazidi kuwa pazito. Palipokuwa pepesi pakanyang'anywa. Miaka bilioni 13.8 baadaye pazito pamekuwa nyuzi na makundi, na pepesi pamekuwa mapengo.

Limebaki suala la mlipuko, yaani maelezo ya jinsi ulimwengu ulivyoanza, ambalo ndilo linalozua ubishi zaidi. "Mlipuko mkuu" linaleta picha ya bomu lililopasuka mahali fulani, vipande vikaruka kuingia kwenye utupu. Hakukuwa na mahali hapo. Kinachopimwa ni kwamba galaksi ikiwa miaka milioni 100 ya nuru kutoka kwetu, inaonekana kutukimbia kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde. Ikiwa mbali mara mbili, kasi nayo ni mara mbili. Anayeishi kwenye galaksi hiyo akitutazama ataona vivyo hivyo, na atadhani yeye ndiye katikati. Nafasi yenyewe inatanuka kila mahali, kwa hiyo kituo hakipo. Dunia, mfumo wa Jua na galaksi havitanuki, kwa sababu mvutano umevishika. Mwaka 1998 timu mbili za watafiti ziligundua kwamba mtanuko huo unaongeza kasi; kisababishi chake kikaitwa nishati ya giza. Ukiugawa ulimwengu kwa yaliyomo, nishati ya giza ni kama asilimia 68, maada ya giza 27, na kila kitu tunachokijua, kuanzia nyota hadi miili yetu, ni asilimia tano tu.

Kwa sababu nafasi imekuwa ikitanuka nuru ikiwa njiani, sehemu tunayoweza kuiona leo inafika miaka bilioni 46 hivi ya nuru kila upande, ingawa umri ni bilioni 13.8. Huo ni ukomo wa kuona kwetu. Hakuna ukuta pale. Aliyeko huko ana ukomo wake unaomzunguka yeye.

Anayetaka kuanza kwa macho yake ana bahati ya kuishi karibu na ikweta, maana tunaona kaskazini na kusini. Julai na Agosti, mkanda wa Njia Nyeupe hupita karibu utosini usiku, na kiini chake kiko karibu na kundi la nyota liitwalo Nge. Katikati ya Novemba, saa tatu usiku, tazama kaskazini: Andromeda ni kiwingu hafifu, na darubini ndogo ya macho mawili itakusaidia. Januari, kama saa nne usiku, tazama kusini, chini kidogo: Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani iliyo miaka 160,000 ya nuru, ambayo watu wa Ulaya hawaioni kabisa kutoka kwao. Chagua usiku usio na mbalamwezi, toka mbali na taa za mji, na uyape macho dakika ishirini yazoee giza. Simu iache mfukoni; ukiiwasha, hesabu ya dakika ishirini inaanza upya.